Shati Langu Halikuwa na Chumvi

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na saba, ni baba wa watoto watatu, na haya nayaandika kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto bado haunitii. Jina langu naomba mniruhusu nilifiche... ingawa watu wa Kakuma wakisoma watanijua tu, maana aibu yangu walishaiona kwa macho yao.

Mimi ni mwalimu. Nyumbani kwangu ni Kakuma mjini, na shule ninayofundisha iko Kalobeyei, kwenye makazi mapya ya wakimbizi. Kwa miaka mingi nilikwenda kazini kwa bodaboda na kurudi kwa bodaboda. Mchana nilikaa kwenye kiti cha shule, jioni nikakaa kwenye kiti cha nyumbani. Nikanenepa! Wenzangu waliniita Bwana Mkubwa, nami nikawa nacheka nikidhani ni heshima.

Siku moja kichwa kikaanza kuniuma, kikauma siku tatu bila kupoa. Mke wangu, Akiru, akanichukua tukapanda gari hadi hospitali Lodwar. Daktari alikuwa msichana mdogo, umri wa wanafunzi niliowafundisha zamani. Akanipima presha, akaguna, akanipima tena.

"Mwalimu, dawa nakupa, na utameza kila siku," akasema. "Lakini dawa peke yake haitoshi. Huo mwili unataka kutoa jasho. Tafuta baiskeli."

Nikamwambia magoti yangu ni mabovu, na upepo wa kwetu anaujua mwenyewe. Akasema basi nitafute zile za umeme. Unakanyaga pedali, mota inakusaidia mzigo, unafika kazini ukiwa umefanya mazoezi na hujafa kwa jua. "Lakini ukanyage!" akanisisitizia.

Mimi nilicheka. Akiru hakucheka. Baba yake alianguka kando ya kisima kule Namoruputh akinywesha ngamia, kwa presha hiyohiyo. Akiru alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Alikishika kichwa cha baba yake mapajani mpaka kikapoa. Tulipotoka kwa daktari alinishika mkono, jambo ambalo wanawake wa kwetu hawalifanyi njiani, akaniambia kwa jina la kifungua mimba wetu, "Baba Ekal, mimi sitashika kichwa ingine."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu dhambi yangu inaanzia hapa.

Baba yake alimwachia kitu kimoja tu, ngamia jike. Alikuwa akitunzwa na kaka yake kulekule Namoruputh. Kwetu Waturkana, mwanamke mwenye mnyama wa kupewa na baba yake ana mahali pake nyumbani kwao. Hata akifukuzwa na mume, akirudi, hakuna atakayemwita mgeni. Maziwa ya ngamia yule ndiyo yaliyowalea watoto wetu kila walipokwenda kwa mjomba wao. Akiru alimwuza ngamia huyo. Kaka yake alikasirika hata hakumjibu salamu. Yeye akarudi Kakuma na vumbi la safari, akaniambia twende kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma kutafuta hiyo baiskeli.

Ngamia wa marehemu baba yake... kwa ajili ya tumbo langu!

Fundi aliyetuuzia alikuwa Mkongomani, tukimwita Papa Gloire kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa na kibanda kambini, na baiskeli za umeme alizijua mpaka ndani ya waya. Alinikalisha juu ya ile yangu, nyeusi, yenye kikapu mbele, akanieleza taratibu.

"Mwalimu, ukikanyaga, mota inakusaidia. Ukiacha kukanyaga, nayo inaacha. Na hii kitufe ya kidole gumba, ukifinya, velo inaenda yenyewe. Hii ni ya shida tu. Umegonjwa, ao uko muchanga mingi. Ukiifinya kila siku, betri itachoka mbio. Na wewe utabakia vile uko."

Akiru aliitikia kwa kichwa kila neno, kana kwamba yeye ndiye atakayeendesha.

Wiki mbili za kwanza, Mungu ni shahidi, nilikanyaga. Nilitoka asubuhi kabla jua halijakaza, na upepo ulipokuja mota ikanisukuma kidogo mgongoni. Nilifika shuleni nikihema, nimelowa, nikijisikia kijana. Magoti yakaacha kuuma. Usingizi ukawa mtamu. Kama ningeendelea hivyo, leo nisingekuwa na kisa cha kuwaandikia.

Wiki ya tatu upepo ulikuwa mkali, mchanga unaingia mpaka kwenye meno. Nikasema leo tu. Nikakifinya kile kitufe. Baiskeli ikaenda yenyewe, miguu yangu imetulia, nikawapita watu wakitembea kwa shida... Raha niliyoisikia siku hiyo! Kesho yake upepo haukuwepo, lakini nikafinya tena.

Baada ya mwezi mmoja, kiungo pekee cha mwili wangu kilichokuwa kikifanya mazoezi kilikuwa kidole gumba.

Tatizo likawa Akiru. Kila jioni alinisubiri mlangoni, ananigusa shati mgongoni kuona kama nimetoa jasho, halafu anafurahi. Jioni ya kwanza alipolikuta kavu, alinitazama kwa wasiwasi, akauliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba upepo umelikausha. Ndipo nikabuni hila yangu, na hata sasa nikiiandika uso unaniwaka.

Kabla ya kufika nyumbani kuna laga, mto mkavu wa mchanga, na kando ya laga kuna kichaka kikubwa cha mathenge, ile miti ya miiba. Nikawa nasimama nyuma ya kichaka kile, natoa chupa ya maji, najimwagia kichwani, kifuani, mgongoni, na kwapani. Mwalimu mzima! Halafu napanda baiskeli, nafika nyumbani natota, naanza kuhema kwa nguvu kama mbuzi aliyekimbizwa. Akiru ananipokea baiskeli, ananiletea kiti, na maji ya kunywa.

Na maji yale niliyojimwagia yalitoka wapi? Yalitoka kwenye mtungi wake! Maji aliyopanga foleni bombani tangu alfajiri, akayabeba kichwani mpaka nyumbani. Ninyi mnaoishi kwenye mabomba ya ndani huenda msielewe. Watu wa Turkana wataelewa, na watanilaani.

Tumbo halikupungua. Akiru alipouliza, nilimwambia nyama imegeuka kuwa misuli. Akaniamini, au mimi nilidhani ameniamini. Sikumwambia kwamba njiani nilikuwa nasimama kwa Wasomali kula anjera na nyama ya mbuzi, maana kukaa tu juu ya baiskeli nako kunatia njaa.

Uongo ukakua. Akiru alianza kuwasimulia kina mama wa kanisani. Mchungaji akasikia. Jumapili moja akaniita mbele nitoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyoniponya kwa mazoezi. Ningeweza kukataa, sivyo? Ningeweza kusema bado sijapona. Nilisimama, ndugu zangu, nikashika kipaza sauti, nikaeleza jinsi ninavyokanyaga kwenda na kurudi, jinsi jasho linavyonitoka, jinsi presha ilivyokimbia. Watu walipiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Akiru alikuwa kwenye benchi la tatu, akijifuta machozi kwa leso.

Wanaume wawili wa kanisa letu walikwenda kwa Papa Gloire wiki hiyohiyo, kila mmoja akachukua baiskeli yake. Papa Gloire alinishukuru kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

Haukupita mwaka, betri yangu ikachoka. Asubuhi inaonyesha imejaa, nikifika nusu ya njia inakata. Nikalazimika kuisukuma baiskeli juani, huku watoto wa shule wananipita kwa miguu wakinisalimu, "Ejok, Mwalimu!" Nilikuwa nimeambiwa wazi kwamba itakuwa hivyo. Lakini nilipofika nyumbani na Akiru akaniuliza imekuwaje, mdomo wangu ulitoa jibu kabla sijafikiri. Nilisema Papa Gloire alituuzia betri mbovu.

Akiru alishtuka. Ngamia wa baba yake! Akafunga leso kiunoni, akasema twende sasa hivi.

Kibandani tulikuta wateja, na wawili kati yao walikuwa wa kanisani kwetu. Nikapaza sauti makusudi. Nikamwambia Papa Gloire kwamba ametuuzia betri kuukuu, kwamba ameidhulumu familia, kwamba yeye ni mgeni na tumempokea vizuri lakini anatulipa ubaya. Ndiyo, nilisema hata hilo. Mke wangu amesimama pembeni yangu, ananitazama.

Papa Gloire aliweka chini kazi aliyokuwa nayo. Aliipindua baiskeli magurudumu juu. Akapitisha kidole kwenye mnyororo, akautikisa. Akazungusha pedali, akazitazama kwa karibu. Bado zilikuwa na rangi yake ya dukani.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, unakanyaga hizi pedali?"

"Kila siku!" nikafoka. "Muulize mke wangu!"

Akaniangalia. Akamwangalia Akiru. Nilijua amejua, na nadhani macho yangu yalimsihi. Neno moja tu la fundi yule lingenivua nguo mbele ya watu wote, na alikuwa na haki ya kulisema. Badala yake alikwenda kwenye baiskeli yake mwenyewe, ile aliyokuwa akiendea nyumbani kwake, akachomoa betri yake, akaiweka kwenye yangu.

"Mama, chukueni hii," akamwambia Akiru. "Muende na amani."

Mtu mwenye haya angelia pale pale. Mimi nilitoka kifua mbele. Njia nzima Akiru alitangulia mbele yangu kwa hatua za haraka. Nikadhani ana hasira na fundi.

Habari za betri mbovu zilienea, na mimi sikuzizima. Wale wanaume wawili waliochukua baiskeli baada ya ushuhuda wangu wakazirudisha. Wengine wakaacha kupeleka hata za pancha. Miezi michache baadaye kibanda kilifungwa, nikasikia Papa Gloire amehamia Kalobeyei na wanawe kuanza upya. Mara nyingine nilipita karibu na alipohamia nikielekea shuleni. Niliinamisha kichwa na kufinya kidole kwa nguvu.

Siku ya malipo haikuchelewa. Mchungaji alipanga msafara wa baiskeli wa afya, Jumamosi asubuhi, wanaume na vijana wa kanisa, kutoka Kakuma hadi Kalobeyei. Wa kuongoza? Nani mwingine, kama si mimi!

Asubuhi hiyo watu walikusanyika uani kwangu, na baiskeli zao za kawaida. Nilivaa shati langu la bluu. Nilipotoka nje nikamkuta Akiru ameinama kwenye baiskeli yangu. Alikuwa amechomoa betri. Aliibeba kwa mikono miwili kama anavyobeba mtoto, akaenda kuiweka mezani ndani, akarudi.

"Wenzako hawana mota," akasema mbele ya wote. "Na wewe ulituambia kanisani miguu yako iko na nguvu. Leo enda na miguu tu."

Watu wakashangilia. Mimi jasho likanitoka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Akanisogelea, akapunguza sauti. "Baba Ekal, una uhakika utaweza?"

"Nitaweza."

"Kama kuna kitu unataka kusema, sema sasa. Hapa kwa mlango. Mimi nitawaambia unaumwa."

Jamani! Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu. Alikuwa ameniandalia hata kisingizio cha kunificha! Lakini vijana walikuwa wananitazama, na Mchungaji ameshika filimbi.

"Una uhakika?" akaniuliza tena.

Nikapanda baiskeli.

Bila betri, baiskeli ya umeme ni chuma tupu, nzito kuliko ya kawaida. Nilipita laga, nikakipita kichaka changu cha mathenge. Kifua kilianza kunibana. Nyuma yangu vijana walikuwa wanaimba. Nilijiambia nifike kwenye ule mti, halafu ule mwingine. Halafu mkono wa kushoto ukaachia usukani bila mimi kuuambia. Nikauangalia ukining'inia. Nilitaka kumwita Mchungaji, mdomo ukatoa sauti ambayo si neno. Nikaanguka mchangani, na nyimbo zikakatika.

Kiharusi.

Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa kwenye kitanda cha hospitali Lodwar, na kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Akiru. Alikuwa amekishika. Kile alichoniambia hatakifanya tena maishani, nilikuwa nimemlazimisha kukifanya!

Alikuwa analia, akisema yeye ndiye ameniua kwa sababu aliitoa ile betri. Nilitaka kumwambia hapana, ni mimi, lakini ulimi ulikuwa mzito. Nikalia tu, upande mmoja wa uso.

Siku ya nne nikaweza kutamka maneno. Nikamwambia kila kitu. Kidole, chupa, kichaka, anjera, fundi. Ilinichukua muda mrefu, kwa ulimi ule. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Najua."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nani anafua shati zako?" akaniuliza. "Ile wiki mbili ya kwanza, shati ilikuwa inakauka na mistari nyeupe hapa mgongoni. Chumvi. Baba yangu alikuwa na hiyo chumvi, kaka yangu iko nayo. Kila mtu mwenye anafanya kazi kwa hii jua iko nayo. Halafu yako ikaisha. Unakuja umelowa, shati inakauka safi. Maji ya bomba haiachi chumvi hivyo. Mimi ni mtoto?"

Aliyajua kwa miezi yote ile! Aliyajua nilipotoa ule ushuhuda kanisani. Machozi yale niliyoyaona kwenye benchi la tatu sikuyaelewa. Aliyajua tulipokwenda kwa Papa Gloire, na alikwenda nami akitumaini kwamba mbele ya mtu asiye na kosa nitashindwa kusema uongo. Sikushindwa.

"Nilikuwa nangoja useme wewe mwenyewe," akasema. "Hata ile asubuhi. Nilijua hutapanda baiskeli. Nilijua lazima utasema... Wewe ukapanda."

Sasa ninatembea kwa fimbo. Kazi nimeisimamisha mpaka daktari aniruhusu. Akiru amepata kazi ya kupika kwenye shule ileile ya Kalobeyei, na anaiendesha ile baiskeli. Betri aliirudisha kwa mwenyewe. Anakanyaga chuma kile kwa miguu yake, kwenda na kurudi. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda nyumbani, nguo nafua mimi, kwa mkono mmoja, nikikandamiza beseni kwa goti. Majirani walicheka siku za mwanzo, mwanamume wa Kiturkana kufua magauni! Nikaacha wacheke. Kila gauni lake ninaloliloweka lina mistari myeupe mgongoni.

Nilipandishwa bodaboda nikaenda kumwona Papa Gloire. Nilimkuta anaziba pancha chini ya turubai. Nikamwomba msamaha. Alifuta mikono kwanza.

"Mwalimu, nilijua," akasema. "Munyororo yako ilikuwa ingali mupya. Nilinyamaza juu ya bibi yako. Nilisema, huyu muntu atarudia kwake na atasema ukweli. Sasa umenisemea hapa, ni vizuri. Lakini uliniharibia jina kanisani. Uende useme kanisani."

Nikaenda. Nilisimama mahali palepale, nikashika kipaza sauti kilekile, na mdomo wangu umepinda. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja wa wale wanaume wawili ameirudia baiskeli yake kwa Papa Gloire. Wa pili bado hajanisalimu, na simlaumu.

Na Akiru? Hajaniacha. Atakwenda wapi, na ngamia wake hayupo? Wazo hilo linaniuma kuliko mkono. Ananipa dawa kwa saa yake, ananipikia bila chumvi. Lakini tangu hospitalini hajaniita Baba Ekal tena. Ananiita Mwalimu, kama watu wengine wote.

Daktari ameniruhusu nianze mazoezi polepole. Mwezi uliopita nilimwomba Akiru aisimamishe baiskeli uani kwa stendi yake, gurudumu la nyuma likiwa juu, nikawa nakanyaga nikiwa nimekaa hapohapo. Dakika tano asubuhi kabla hajaondoka, siku nyingine kumi. Naonekana kichekesho, lakini sijali. Wiki iliyopita nilimaliza nikiwa nimechoka kabisa, nikaanika shati kwenye kamba bila kulifua, nikaketi. Jioni Akiru aliporudi alilikuta limekauka. Nilimwona kutoka mlangoni. Aliligeuza mgongo. Palikuwa na mstari mmoja mweupe, mdogo.

Aliutazama muda mrefu. Halafu akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha juu ya ule mstari, akakitia mdomoni. Alikuwa anaonja kama kweli ni chumvi.

Ndugu zangu mnaosoma, na hasa ninyi wanaume wenzangu, mkipewa kitu na mtu anayewapenda ili muishi, kitumieni kama alivyokusudia. Mkishindwa, semeni mmeshindwa, angalau mlangoni, kabla hamjapanda. Msimfikishe mwenzenu pale nilipomfikisha wangu, mke niliyeishi naye miaka kumi na tisa, aonje shati la mumewe ndipo aamini.